UZI: Vita Kuu ya Pili ya Dunia iligeukia wapi? Fuateni petroli na meli

Mleta uzi

Habari za jioni wakuu.

Wiki iliyopita kulikuwa na mabishano makali humu jukwaani. Kundi moja linashikilia kwamba Stalingrad ndiyo iliyomvunja Hitler mgongo, jingine linasema bila Wamarekani kushuka Normandy, Ulaya yote ingebaki mikononi mwa Wanazi. Nilisoma kurasa zote kumi na mbili nikanyamaza, maana nilichokuwa nacho hakiingii kwenye bandiko moja. Ndio uzi huu. Nitaushusha kwa vipande, mwenye swali aulize katikati.

Msimamo wangu nautanguliza ili atakayenipinga ajue anapinga nini. Vita ile iligeuka pale upande mmoja ulipopoteza vitu usivyoweza tena kuvirudishia: petroli, marubani, meli, chakula cha askari. Stalingrad, Midway na El Alamein ni mahali ambapo upungufu uliokuwa ukijijenga kwa miezi mingi ulitoka hadharani. Na njia kadhaa zilizobeba ushindi ule zilipita Bahari ya Hindi, mbele ya pwani yetu.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili. Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo). Aliacha nishani moja, nyota ya shaba yenye utepe wa buluu, katikati mwekundu, na mistari ya rangi ya chungwa. Mama ameifunga kwenye leso ndani ya kasha. Aliyoyasimulia babu nitayafikia mwishoni, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niisome vita hii kwa jicho la tumbo na tangi la mafuta.

Desemba 1941

Wengi huanza na Stalingrad. Mimi narudi nyuma mwaka mzima, kwenye wiki moja: tarehe 5 hadi 11 Desemba 1941.

Juni 22 mwaka huo Hitler aliivamia Urusi kwa askari zaidi ya milioni 3. Kwenye picha tunaona vifaru tu, lakini sehemu kubwa ya jeshi lile ilitembea kwa miguu, na mizigo na mizinga ikivutwa na farasi zaidi ya 600,000. Halafu kuna reli. Reli ya Kirusi ilikuwa na upana wa milimita 1,524, ya Kijerumani 1,435. Treni ya Mjerumani ilikuwa haiwezi kuvuka mpaka na kuendelea. Ilibidi mafundi waing'oe reli moja na kuisogeza ndani, taruma kwa taruma, mamia ya kilomita, huku jeshi liko mbele linalilia risasi na makoti. Aliyewahi kuona mzigo ukihamishwa pale Kidatu, kutoka behewa la TAZARA kwenda la reli ya kati, anajua kazi hiyo inavyokula muda hata wakati wa amani.

Wakafika karibu na Moscow wakiwa hoi. Desemba 5 Warusi wakaanza kurudisha mapigo, na baadhi ya vikosi vyao vilikuwa vimetoka Siberia. Desemba 7 Japani ikapiga Pearl Harbor. Desemba 11 Hitler, bila kulazimishwa na mtu, akatangaza vita dhidi ya Marekani. Ndani ya siku saba vita ya Ulaya na vita ya Asia zikawa kitu kimoja, na nchi yenye viwanda na visima vya mafuta kuliko nchi zote duniani ikaingia ulingoni.

Japani nayo ilisukumwa na mafuta. Karibu asilimia 80 ya mafuta yake ilikuwa ikinunua Marekani, na katikati ya 1941 Marekani ilifunga bomba kwa sababu ya uvamizi wa China na Indochina. Majemadari wa Tokyo wakawa na akiba inayopungua kila siku. Wakaamua kuvichukua visima vya Waholanzi kule Sumatra na Borneo, na Pearl Harbor ikapigwa ili manowari za Marekani zisije kuwasumbua wakiwa njiani. Cha ajabu, marubani wao waliyaacha matangi ya mafuta ya Pearl Harbor yamesimama, na ndani yake kulikuwa na takriban mapipa milioni 4.5. Yangeungua yale, manowari za Marekani zingerudi California.

Mdau wa Tanga

Mkuu shikamoo kwa darasa. Lakini hapo pa Moscow sijakuelewa. Kama vita iligeuka Desemba 1941, mbona kiangazi cha 1942 Mjerumani alifika mpaka Volga, na Mjapani akachukua Singapore na Burma yote? Mtu anayeshindwa anasonga mbele namna hiyo?

Mleta uzi

Marahaba mkuu, swali zuri sana. Sikusema alishashindwa Desemba 1941. Alichopoteza ni nafasi ya kushinda haraka, na hesabu zake zote zilijengwa juu ya ushindi wa haraka. Kuanzia hapo alikuwa anakimbizana na muda. Ndiyo maana 1942 hakwenda tena Moscow, alikwenda kusini. Alikuwa anafuata mafuta ya Kaukazi: Maikop, Grozny, Baku.

Agosti 1942 Wajerumani waliingia Maikop. Walikuta Warusi wameshaviharibu visima, wamevijaza saruji, na mitambo imevunjwa. Grozny hawakuifikia, Baku ndiyo kabisa. Huku nguvu nyingine Hitler akaipeleka Stalingrad. Jeshi moja likagawanywa kwenda pande mbili zinazoachana kila kukicha, na petroli ile ile ikigawanywa.

Ya ndani ya mji wengi mnayajua, sitarudia. Nitasema hili la Jenerali Chuikov wa Warusi tu. Aliwaamuru watu wake wakae karibu sana na adui, umbali wa kurusha guruneti kwa mkono, ili ndege za Kijerumani zishindwe kudondosha mabomu bila kuwaua watu wao wenyewe. Wakagombea chumba kwa chumba, ngazi kwa ngazi. Kuna ghala la nafaka pale ambalo askari wachache walilishikilia kwa siku kadhaa, ngano ikiungua, na maji wameyamalizia kwenye bunduki za rashasha ili zisipate moto.

Wakati Mjerumani ameelekeza macho kwenye magofu, ubavu wake ulilindwa na Waromania waliokuwa na silaha chache za kupiga vifaru. Novemba 19 Warusi wakawapiga hao. Novemba 23 pande mbili za Warusi zikakutana karibu na Kalach, na askari zaidi ya robo milioni wakawa ndani ya gunia. Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, akaahidi kuwalisha kwa ndege. Kiwango cha chini kilichohitajika kilikuwa tani 300 kwa siku, na wenyewe waliomba 500. Kwa wastani zilifika kama 100 tu. Wakala farasi wao. Vifaru havikuwa na petroli ya kutosha kupasua njia ya kutokea. Februari 2, 1943 mwisho ukafika, mateka wapatao 91,000, na waliorudi makwao baadaye hawakuzidi 6,000 hivi.

Kwa hiyo walioshikilia Stalingrad wako sahihi kwa kiasi kikubwa. Naongeza tu kwamba safari ya kwenda kule ilianza kwa kukosa mafuta.

Midway

Hapa natulia kidogo, kwa sababu sijui vita nyingine ya baharini iliyoamuliwa kwa dakika chache namna hii.

Mei 1942 wataalamu wa Marekani wa kufumbua maandishi ya siri, wakiongozwa na Joseph Rochefort kwenye chumba cha chini ya ardhi kule Hawaii, walijua Wajapani wanaandaa shambulio kubwa mahali wanapopaita AF. Walihisi ni kisiwa cha Midway, ila wakubwa Washington hawakuridhika. Wakawaambia watu wa Midway kwa njia ya siri watume ujumbe wa wazi kwamba mtambo wao wa maji ya kunywa umeharibika. Haukupita muda, Wajapani wakapashana habari: AF ina shida ya maji. Mchezo ukaisha hapo.

Juni 4 asubuhi Admirali Nagumo alikuwa na manowari nne za kubeba ndege. Amri yake ilibadilika katikati: kwanza ndege zifungwe mabomu ya kupiga kisiwa, halafu zifungwe topido za kupiga meli. Mabomu yakatolewa, yakaachwa yamelala sakafuni kwenye sitaha ya chini, na mipira ya petroli imetandazwa. Wakati huo ndege za topido za Marekani zilikuwa zinakuja kundi baada ya kundi, zinaangushwa. Kikosi cha nane kilikuwa na ndege 15, zote ziliangushwa, na kati ya watu 30 alipona mmoja, akielea baharini.

Ila ndege za ulinzi za Wajapani zilikuwa zimeshuka chini kuwakabili hao. Juu kabisa, kundi jingine lililokuwa limepotea na mafuta yakielekea kuisha liliona manowari moja ndogo ikikimbia peke yake, kamanda wao McClusky akaamua kuifuata inakoelekea. Ikawapeleka mpaka kwa Nagumo. Saa 4 na dakika 20 hivi asubuhi wakaanza kushuka wima. Dakika chache baadaye Akagi, Kaga na Soryu zilikuwa zinawaka. Hiryu ikafuata jioni. Marekani ilipoteza Yorktown, ambayo siku chache kabla mafundi wa bandari waliikarabati kwa muda wa siku tatu badala ya miezi.

Kuna kosa moja linarudiwa sana, hata humu limesemwa: kwamba marubani bora wa Japani waliisha Midway. Hapana. Wengi waliokolewa. Walioisha pale ni meli nne pamoja na mafundi wake. Marubani walimalizwa taratibu katika miezi iliyofuata juu ya Guadalcanal na visiwa vya Solomon, na waliokuja nyuma yao hawakupata saa za kutosha za kuruka kwa sababu petroli ya mafunzo ilikuwa haba. Juni 1944, kwenye Visiwa vya Mariana, Wajapani walipoteza ndege zaidi ya 300 ndani ya siku moja. Walikuwa watoto wa juzi tu kwenye usukani.

Mdau wa Mombasa

Nimekaa nasubiri uifikie Kilindini. Nyanyangu alikuwa akihadithia kwamba wakati wa vita bandari ilijaa manowari hata ukikaa Likoni huoni maji. Lina ukweli hilo?

Mleta uzi

Ndugu yangu, bibi hakukosea. Aprili 1942 ndege za Nagumo, yule yule wa Midway, zilipiga Colombo na Trincomalee kule Ceylon (Sri Lanka ya leo). Waingereza walipoteza manowari Cornwall, Dorsetshire na Hermes. Wakaona pale hapakaliki, wakaihamishia Kilindini sehemu kubwa ya manowari zao za Bahari ya Hindi. Pamoja nazo wakaja wafumbuzi wa maandishi ya siri, wakawekwa kwenye majengo ya shule ya Allidina Visram hapo hapo Mombasa. Mwaka huo huo, wakiwa Mombasa, waliufumbua mfumo wa siri wa meli za mizigo za Japani. Maana yake, meli za kubeba mafuta na mchele zikaanza kujulikana zinapita wapi na lini. Wanafunzi wangapi wamepita kwenye lango lile bila kuambiwa?

Na si Kilindini tu. Turudi 1941. Majeshi yaliyotoka Kenya, keya wetu wakiwemo pamoja na Wanigeria, watu wa Gold Coast (Ghana ya leo) na Waafrika Kusini, yalikwenda kuwatoa Waitaliano waliozishika Somalia na Ethiopia. Walivuka mto Juba, wakaingia Mogadishu Februari 25 na Addis Ababa Aprili 6. Mogadishu walikuta petroli ya Waitaliano, zaidi ya lita milioni moja. Ndiyo iliyowasaidia kukimbia mbio zile hadi Harar. Upande wa Eritrea, Wahindi na Waingereza wakapigana Keren, kisha Massawa ikaanguka Aprili 8.

Sasa angalieni kilichofuata siku tatu baadaye. Sheria ya Marekani wakati ule ilizizuia meli zake zisiingie maeneo ya vita. Waitaliano walipoondolewa pwani ile, Roosevelt akatangaza Bahari ya Shamu si eneo la vita tena. Meli za Marekani zikaruhusiwa kupeleka shehena moja kwa moja Suez, miezi minane kabla nchi yao haijaingia vitani. Juni 1942 Tobruk kule Libya ilipoanguka na Waingereza wakachanganyikiwa, Marekani ikawapa vifaru 300 aina ya Sherman. Meli zikazunguka Afrika Kusini, zikapanda Bahari ya Hindi, zikaingia Bahari ya Shamu, Septemba zikawa Misri. Oktoba 23 Montgomery, jenerali wa Waingereza, akaanza El Alamein akiwa navyo.

Rommel, jemadari wa Wajerumani, yeye alikuwa anasubiri meli za mafuta. Proserpina ilizamishwa Oktoba 26 karibu na Tobruk, Louisiano siku mbili baadaye. Jemadari hodari, na vifaru vyake vinahesabu lita.

Kwangu mimi ushindi wa Ethiopia wa 1941 ni moja ya njia panda za vita ile. Mwalimu wangu wa historia aliupitia kwa sentensi moja.

Atlantiki, na mengine kwa haraka

Mei 1943 Ujerumani ilipoteza nyambizi 41 ndani ya mwezi mmoja, na mkuu wa jeshi lao la maji, Dönitz, akaziondoa Atlantiki ya kaskazini. Zilishindwa na vitu vingi kwa pamoja: rada mpya, ndege za masafa marefu, misafara ya meli yenye ulinzi, na kufumbuliwa kwa Enigma, mashine ya maandishi ya siri ya Wajerumani, kazi iliyoanzwa na wanahisabati wa Poland kabla hata ya vita na kuendelezwa Bletchley Park kule Uingereza. Karibu robo tatu ya vijana wa Kijerumani waliokwenda vitani kwenye nyambizi hawakurudi. Bila mwezi ule Normandy isingekuwepo, kwa sababu askari, petroli na vyakula vyote vilipita hapo.

Kursk, Julai 1943: shambulio kubwa la mwisho la Ujerumani upande wa mashariki. Likakwama. Tangu hapo Warusi ndio waliokuwa wakishambulia, na walikuwa wakisonga juu ya magari ya Marekani, malori na jipu karibu 400,000 yaliyoletwa kwa msaada.

Normandy, Juni 6, 1944: watu wapatao 156,000 siku ya kwanza. Ni kazi kubwa, siibezi. Lakini mwezi huo huo, Juni 22, Warusi walianza Operesheni Bagration kule Belarusi wakavunja divisheni 28 za Kijerumani, na kwenye filamu huioni. Na tangu Mei ndege za Marekani zilikuwa zinapiga viwanda vinavyotengeneza petroli kutokana na makaa ya mawe. Mafuta ya ndege ya Ujerumani yaliporomoka kutoka takriban tani 175,000 mwezi Aprili hadi chini ya 20,000 ilipofika Septemba. Viwanda vilikuwa bado vinatoa ndege. Zilikaa chini.

Mdau wa Lubumbashi

Ndugu, asante kwa kazi hii. Usisahau Shinkolobwe. Ni karibu na Likasi, hapa kwetu Katanga. Madini ya urani ya bomu la Hiroshima, sehemu kubwa yalitoka hapo. Mkubwa wa kampuni ya migodi, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York mwaka 1940, yakakaa kwenye ghala Staten Island mpaka jeshi la Marekani likaja kuyanunua. Baba zetu ndio waliyachimba, kwa mikono, hakuna aliyewaambia ni kitu gani wanashika.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Katanga, nisingeweza kulisema vizuri kuliko ulivyolisema. Libaki kama lilivyo.

Burma, na babu

Machi 1944 Jenerali Mutaguchi aliwavusha Wajapani mto Chindwin kwenda kuichukua Imphal nchini India. Walibeba chakula cha wiki tatu hivi, wakaswaga maelfu ya ng'ombe wa kula njiani, wengi wakafa mtoni na milimani. Mpango ulikuwa wateke maghala ya Waingereza wale humo. Maghala hayakutekwa. Imphal na Kohima zilistahimili, na mvua za masika ya kule zikafika. Jeshi lile lilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake, wengi kwa njaa na maradhi.

Kuanzia Agosti waliotumwa kuwafukuza kupitia bonde la Kabaw ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo). Bonde lile lilikuwa na malaria mbaya, na chakula kilidondoshwa kwa ndege. Babu alisema ukiona mwavuli unashuka unaomba Mungu uwe na mchele au sukari, usiwe na waya wa simu. Alisema matope yalimfika nyumbu tumboni, wakawa wanamsukuma kwa mabega. Na alisema Wajapani wa mwanzo aliowaona hakuwapiga yeye wala mtu yeyote. Walikuwa wamekaa kando ya njia, wameegemea miti, bunduki mapajani, wamekufa siku nyingi. Mmoja alikuwa na majani mdomoni.

Desemba 2 wakaingia Kalewa. Wahandisi wakatandika daraja la kuelea juu ya Chindwin, zaidi ya mita 300, na jeshi la Jenerali Slim wa Waingereza likapita hapo kwenda Mandalay.

Dada wa Machakos

Kaka, samahani kuingilia. Kaka yake nyanya yangu alikuwa wa mizinga. Aliondoka Mombasa mwanzoni mwa 1944 na barua haikuja tena. Nyumbani walisema tu "alipotea na meli". Unajua lolote?

Mleta uzi

Pole sana dada. Siwezi kusema kwa hakika kuhusu mtu mmoja, ila meli ninayoijua ni Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, kati yao Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, karibu watu 1,000, na akina mama wauguzi. Tarehe 12 Februari 1944 mchana, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa kama dakika mbili. Wengi walikuwa ndani, chini. Waliobaki wakielea walikuwa juu ya mahali nyambizi ilipojificha, na manowari za ulinzi zikadondosha mabomu ya majini hapo hapo. Walikufa watu 1,297.

Majina ya wa kikosi kile yameandikwa kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Yamepangwa kwa vikosi, kwa hiyo tafuta sehemu ya mizinga kwanza, halafu jina lake kama lilivyoandikwa jeshini. Wakati ule waliyaandika kwa kusikia, jaribu herufi zinazofanana.

Dada wa Machakos

Asante kaka. Jumamosi naenda na mama. Yeye ndiye anajua alivyokuwa akiitwa nyumbani.